Sura Niliyokwambia Uiruke

3 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Mguu unasemaje? Mdogo wako fundi saa ameniambia umefungwa plasta mpaka kwenye nyonga, na kwamba binti yako amekuhamishia mjini kwake, amekupa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Pole sana. Lakini kile kistuli cha darasani nilikulalamikia tangu nikiwa mwanafunzi wako: kina miguu mitatu na nusu. Mtu wa miaka sitini na moja anapanda kistuli kutundika chati, eti kumtuma mwanafunzi ni kujidhalilisha! Haya, yameshatokea.

Aliyeitwa kushika darasa lako ni mimi. Mwalimu Mkuu alikuja kunigongea mlango Jumapili, akaniuliza, "Nani mwingine mjini hapa anajua Kilatini?" Nikamjibu tuko wawili tu, na mmoja amevunjika mguu. Nimewakuta wanafunzi ishirini na wanne wa mwaka wa kwanza. Kuimba wanajua: "puella, puellam, puellae", yaani msichana na miisho yake, wanaporomosha bila kupumua. Lakini ukimwuliza mmoja huyo "puellam" anafanya nini ndani ya sentensi, anatazama dari. Usinune, Mwalimu, nasema nilichokiona.

Mtihani ni katikati ya Juni, na unajua asiyefaulu haingii mwaka wa pili, na masomo ya sheria na udaktari anayasikia kwa wenzake tu. Kwa hiyo muda huu wote ni wa marudio. Naomba kitu kimoja: lile Daftari lako la Makosa, ulimoandika kwa miaka thelathini na minne kila kosa la kila anayeanza. Nikiwa nalo nitajua wanateleza wapi kabla hawajateleza.

Mwanafunzi wako,
Kasuku
(Jina ulilonipa mwenyewe, kwa kukariri haraka. Mpaka leo nalijibu.)


11 Machi

Kasuku wangu,

Marahaba. Mguu uko mahali pake, ingawa mahali pake kwa sasa ni juu ya mito miwili. Nimefurahi mno kusikia ni wewe. Hakuna mtu ambaye ningependa zaidi kumwona kwenye kiti changu.

Daftari unaloulizia ni mwandiko wa haraka, hutausoma, na isitoshe sikumbuki nililiweka wapi. Huna haja nalo. Wewe shika hili: marudio si kufundisha upya. Kila asubuhi maneno kumi, kwanza mdomoni, kisha ubaoni, kisha daftarini. Waache wakosee mbele yako. Mtoto akiandika "agricola bona", yaani mkulima mwema, usimfokee. Ameona neno linaishia na "a" akadhani ni la kike. Muulize tu, "Huyu mkulima wako ana ndevu?" Atacheka, na hatasahau.

Chati usiishushe. Kistuli usikiguse. Na yule msichana anayekaa dirishani usijisumbue naye. Tangu Januari hajafungua mdomo. Ni mzito.

Mwalimu wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Daftari la Makosa liko kabatini kwangu, rafu ya chini, chini ya mashuka. Ufunguo unao. Akija mtu kuliulizia, hulijui, hujaliona, na wewe ni fundi saa, mambo ya vitabu yanakuhusu nini.

Nakwambia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Binti yangu ananihudumia kama yai, siwezi hata kukohoa. Nina wivu. Haya, nimelisema, sasa cheka. Kasuku nilimpokea ana miaka kumi na minne, hajui hata "et", yaani "na", ni nini. Nikamfundisha mpaka akawapita wote, na kila mahali nilipokwenda nikamtaja. Lakini ni rahisi kujivunia mwanafunzi akiwa mbali, bwana. Sasa amekaa kwenye kiti changu, ameshika chaki yangu, na barua yake ya kwanza kabisa inaniambia watoto wangu wanatazama dari!

Kibanda chako kinatazamana na dirisha la darasa. Najua ukifanya kazi macho yako yamo ndani ya saa, ila masikio hayana kazi. Niandikie unachosikia. Usinifiche, na usinipambie.

Kaka yako


24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Umesema nisikupambie, basi kaa chini. Ah, nimesahau, umeshakaa.

Siku ya kwanza nilisikia kicheko, nikadhani mwalimu hakuja. Siku ya pili kicheko, na makofi juu. Siku ya tatu nikashindwa, nikavuka barabara nikachungulia mlangoni, na Kasuku aliponiona nikababaika nikamwuliza saa ngapi. Mimi! Fundi saa, nina saa sita mfukoni! Watoto walicheka mpaka wakalala juu ya madawati.

Anachofanya ni kurusha mpira. Mpira wa matambara, kaushona mwenyewe. Anamrushia mtoto anasema "aqua!" Mtoto anadaka, anasema "maji!" na kumrushia mwenzake, "via!" "Njia!" "Mensa!" "Meza!" Hiyo hata mimi ningedaka, kaka. Miaka yote unaniambia lugha ni ngumu, kumbe meza yenyewe ni meza! Anayekosa halaumiwi, kosa lake linaandikwa kwenye pembe ya ubao, na kesho asubuhi wanaanza na hiyo pembe.

Yule msichana wa dirishani nilimsikia juzi. Alipaza sauti kumsahihisha mwenzake mpaka nikaangusha bisibisi.

Lingine sikutaka kuliandika, ila ulisema nisikufiche. Mwalimu Mkuu aliniletea saa ya ukutani ya ofisini, na katika kuzungumza akasema wakifaulu wengi mwezi wa sita, darasa linakuwa la Kasuku moja kwa moja. Wewe utaagwa kwa heshima, na hotuba, na zawadi. Nasikia zawadi yenyewe ni kiti cha kuegemea. Na Kasuku anajua tangu wiki ya kwanza.

Usichukulie vibaya. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na wewe kaka huna nyama ya kupunguza.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Kiti cha kuegemea! Miaka thelathini na minne nimesimama, sasa wananiambia nikae.

Kwa hiyo Kasuku anajua. Ameniandikia barua tatu tangu aanze. "Mguu unasemaje, Mwalimu? Unakula, Mwalimu?" Neno moja hajasema. Loo, kweli nimemfundisha vizuri, hata kunyamaza anajua mahali pa kunyamaza.

Lakini lililoniuma zaidi ni msichana wa dirishani. Miezi miwili nilimwita yule. Nilimtafutia maswali rahisi kuliko yote, nikamsubiri darasa zima likinung'unika, nikampelekea kitabu changu mwenyewe cha zamani. Hakunijibu hata "ndiyo". Nikaamua ni mzito. Huyu mwenzangu kamrushia tambara wiki mbili, mtoto anapaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara! Nilipoisoma hiyo roho ilinichoma, nikashindwa kumaliza chakula. Binti yangu akadhani chumvi imezidi.

Mke wangu hayupo. Binti yangu ana wanawe. Nikitolewa pale nabaki mzee mwenye mguu mbovu, anajua lugha ambayo hana wa kuisema naye. Wewe una saa zako, watu watavunja saa mpaka kiama. Mimi nina chumba kimoja chenye madawati kumi na mawili, na kimechukuliwa na mtu niliyempenda.

Nataka wafeli. Nimeandika na sifuti. Si wote. Wa kutosha tu.

Kaka yako


20 Mei

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimesikia plasta imetolewa na unatembea kwa magongo. Alhamdulillahi. Usianze kupanda vitu.

Nimekwama, na hapa mjini sina mwingine wa kumwuliza. Bomba la maji lilipasuka juu ya darasa, dari ikaanguka nusu, tukafungiwa nje siku nane. Sasa mtihani ni tarehe 16 Juni na nimebakiwa na sura mbili. Sura ya kumi, viwakilishi. Sura ya kumi na moja, vitenzi vya kutendwa. Muda uliopo unatosha kufundisha na kurudia moja tu. Nikizigusa zote juu juu watachanganya zote, maana mshika mawili moja humponyoka.

Wewe umekaa na watunzi wa mtihani miaka tisa, tabia zao unazijua. Niache ipi? Nitafanya utakavyosema.

Maneno wameshafika mia mbili na arobaini, na wanayajua kwenda na kurudi. Wote wanakusalimu. Msichana wa dirishani amekuandikia salamu yake mwenyewe hapo chini. Alitaka kusema mwalimu mwema, ila amekufanya mwanamke. Nimeliacha kosa ulione.

Kasuku

Salve, magister bona!


26 Mei

Kasuku wangu,

Marahaba. Umefanya vema kuuliza.

Fundisha sura ya kumi. Viwakilishi wavifanye mpaka waviote. Sura ya kumi na moja iruke. Kwa wanaoanza watunzi hawaigusi. Wakiigusa ni alama mbili tatu, za kupamba karatasi. Nawajua.

Mwambie msichana nimeliona kosa lake.

Mwalimu wako


27 Mei

Mdogo wangu,

Leo nimetembea kutoka kitandani mpaka mlango wa nje, magongo nimeyashika kwa kuyabembeleza tu. Na nimekula sahani mbili.

Kasuku aliniuliza kati ya sura mbili za mwisho aache ipi. Nimemwambia aache ile ambayo kila mwaka ina alama arobaini katika mia. Usinifokee. Sikumfuata mimi, ameuliza mwenyewe, nimejibu. Aliyeanza kumficha mwenzake ni yeye. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na auonje na yeye.

Watafeli wachache, Mwalimu Mkuu ataona kwamba mpira ni mpira na kazi ni kazi, na Septemba nitakuwa mahali pangu. Yeye bado kijana, atapata darasa lingine.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Shikamoo leo sikupi.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Wivu wako na Kasuku ni wa nyinyi wawili. Wale watoto wameingiaje? Mimi nikigombana na fundi mwenzangu, sivunji saa ya mteja! Kila asubuhi nawaona wanapita hapa, wengine wamebeba viatu mkononi visiharibike, wanaulizana maneno njiani. Huyu anasema "porta", yule "mlango". Wanadhani wanajiandaa. Nawaitikia salamu zao na macho nayainamisha.

Kutoka kibandani kwangu mpaka mlango wa darasa ni hatua kumi na tisa. Ningeweza kuvuka leo nikamwambia. Lakini nikivuka mimi utakuwa umekamatwa. Ukiandika wewe utakuwa umejirudi, na mimi nakutakia hilo la pili, kwa sababu ni wewe uliyenilea. Nakupa wiki moja. Zipo siku za kutosha, yule binti Kasuku anafundisha haraka. Andika leo.

Mdogo wako


6 Juni

Mdogo wangu,

Umenisema vya kutosha, na una haki. Nimeshamwandikia. Nimemweleza kila kitu na barua nimeifunga. Tulia na saa zako, usivuke barabara.

Kaka yako


22 Juni

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Matokeo yametoka. Wamefaulu tisa. Kumi na watano wamefeli.

Swali la nne na la tano yote yalikuwa ya kutendwa, alama arobaini. Nilikuwa nyuma ya chumba wakati wanafunua karatasi. Walipofika hapo waliinua vichwa karibu kwa pamoja, wakageuka kunitazama. Hawakukasirika. Walidhani kuna kitu nitawaambia. Nami siruhusiwi kusema kitu. Nikatazama sakafu mpaka kengele ikalia.

Msichana wa dirishani amepata ishirini na tisa. Swali la nne alijaribu kulibuni mwenyewe, ukurasa mzima, na kila jibu si lenyewe. Sasa amehama dirishani, amekwenda safu ya nyuma, na hasemi na mtu.

Mwalimu Mkuu aliuliza nani aliamua sura ile irukwe. Nimesema ni mimi. Si uongo, aliyeshika chaki nilikuwa mimi. Ninaondoka mwisho wa mwezi. Nadhani mwaka huu watunzi wamebadilisha tabia, na wewe usingeweza kujua ukiwa huko kitandani. Najua utajilaumu. Nakuomba usijilaumu.

Kiti chako kinakungoja.

Kasuku


23 Juni

Kwa Mwalimu wa Kilatini,

Uongozi wa shule unafurahi kusikia kwamba afya yako inaimarika. Kufuatia matokeo ya mwaka wa kwanza, ambayo bila shaka yatakusikitisha, tumeona kwamba darasa hili haliwezi kwenda bila uzoefu wako. Tunakuomba urejee kazini muhula ujao. Mambo mengine yaliyokuwa yakifikiriwa hayapo tena.

Tunakutakia nafuu ya haraka.

Mwalimu Mkuu


24 Juni

Kaka,

Kasuku amepita kibandani kuniaga. Nikamwuliza, "Ile barua ya kaka ya mwanzoni mwa Juni ilichelewa kukufikia?" Akaniuliza, "Barua gani?"

Nilishika saa ya mtu nikaanza kuifungua, na ilikuwa nzima.

Mdogo wako


29 Juni

Kasuku,

Usinisalimie kabla hujamaliza kusoma.

Watunzi hawajabadilisha tabia. Sura ya kumi na moja ina alama arobaini kila mwaka, na mimi nilikuwa najua hivyo siku nilipokwambia uiruke. Nilikwambia uiruke ili wafeli. Nilitaka wafeli ili urudi ulikotoka na mimi nirudi pale.

Kuna barua ya kukuonya. Niliiandika tarehe 6 Juni, baada ya mdogo wangu kunibana. Niliigundisha, nikaitia stempu, nikaiweka juu ya kabati. Kila asubuhi binti yangu aliniuliza, "Baba, barua hii niipeleke posta?" Nikamjibu, "Kesho, kuna neno sijaongeza." Na iko imefungwa! Siku kumi binti yangu ameipangusa vumbi. Tarehe 16 saa tatu asubuhi nilitazama saa nikajua wameanza, nikamwambia sasa unaweza kuipeleka. Halafu nikamwita arudi, nikaichana.

Ulipokwenda darasani kwangu nilikuonea wivu. Nilikuonea wivu kwa kicheko nilichosimuliwa, kwa mpira, kwa pembe ya ubao, kwa maneno mia mbili na arobaini, na kwa yule msichana kuliko vyote. Alipoandika "magister bona" nilikaa na karatasi ile mchana kutwa. Nilifikiri: salamu ni yangu, lakini aliyemfundisha kuandika ni mwingine. Kesho yake ndipo nikakujibu.

Barua ya Mwalimu Mkuu ilinikuta nimesimama dirishani. Ni kila kitu nilichokitaka, kimepigwa chapa na kutiwa muhuri. Niliisoma, nikaona haina ladha hata kidogo. Nimemjibu leo na kumweleza haya haya, bila kupunguza. Wewe ulisema uamuzi ni wako, ukanificha kwa mwili wako mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kisu.

Sikuombi chochote.

Mwalimu wako, kama bado


9 Julai

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena.

Unajua nilifanya nini nilipopata ile ya Mei? Nilicheka. Nikasema, mzee amesahau. Kwa sababu nakumbuka mwaka wangu tulikaa kwenye vitenzi vya kutendwa wiki tatu nzima, unatupandisha ubaoni mmoja mmoja, na nakumbuka hata karatasi ya mtihani ilivyokuwa. Nilishachukua chaki nianze sura ya kumi na moja. Kisha nikafikiri: mtu huyu tangu nina miaka kumi na minne hajawahi kunidanganya. Basi anayekumbuka vibaya ni mimi. Nikakuamini wewe, nikajikana mwenyewe. Kazi ningepata nyingine. Hilo ndilo uliloniharibia.

Na mimi nilikuficha. Habari ya kiti chako nilijua tangu wiki ya kwanza, na nilikitaka. Kila nilipoandika "mguu unasemaje", kipande changu kimoja kiliomba mguu uchelewe. Nilipokuwa mwanafunzi wako nilikuwa nawaonea wivu wote waliosoma kwako kabla yangu, unawasifu, nami nasaga meno. Kwa hiyo wivu naujua, sihitaji kuelezwa. Ila sikuwahi kuwalisha watoto wivu wangu.

Mwalimu Mkuu ameniita, amenisomea barua yako. Darasa amenipa mimi. Wale kumi na watano watafanya mtihani wa marudio tarehe 2 Septemba, na wameanza kuja tangu wiki iliyopita, likizo hii hii, wote.

Sasa nisikilize. Sura ya kumi na moja imenishinda. Nasimama ubaoni naandika "puella aquam portat", msichana anabeba maji, mkono hautetereki. Naandika "aqua a puella portatur", maji yanabebwa na msichana, na hapo hapo nageuka kutazama kitabu kama nimepatia. Kitu ninachokijua tangu utoto! Natazama mara mbili, mara tatu, na watoto wananisubiri, na wao wameanza kutokuniamini kwa sababu wanaona mimi mwenyewe sijiamini.

Njoo uifundishe wewe. Mimi nitakaa nyuma nao na daftari. Nimeshawaambia aliyesema sura irukwe ni nani, na kwa nini. Sikupamba. Mmoja alilia, wengine walikutukana, sikuwakataza. Yule msichana alinyanyua mkono, mara ya kwanza tangu Juni, akauliza kama utakuja. Nikamwambia sijui. Wana maswali, na si ya Kilatini. Utayajibu mwenyewe, ukiwatazama.

Mwalimu wa Kilatini, mwaka wa kwanza


15 Julai

Kwa Mwalimu wa Kilatini, mwaka wa kwanza,

Nakuja Jumatatu. Basi linafika saa mbili na nusu, na kwa magongo kutoka stendi ni kama nusu saa. Mdogo wangu amesema atanipokea, ila hatanibebea mzigo.

Nilipoona ulivyotia sahihi, wivu ulinipanda palepale, kabla hata ya aibu. Nakwambia ili usije ukadhani umekwisha, na kwa sababu nimekuahidi moyoni kwamba sitakudanganya tena. Haujaisha. Labda hautaisha. Nitawakuta wanacheka na wewe na utaniuma, na nitafundisha hivyo hivyo unaniuma.

Ulichokiandika ubaoni ni sahihi. "Aqua a puella portatur." Kila herufi. Hukuhitaji kutazama kitabu.

Usiniwekee kiti. Nikifika mkiwa mmeanza, msisimame kwa ajili yangu. Nitangoja mlangoni mpaka uniite.